Uso wa Baba Haukutoka

Baba yangu ni mweusi. Naanza na hilo kwa sababu kwetu visiwani ndipo watu wanapoanzia, ingawa hakuna anayekubali kwamba ndipo anapoanzia. Ni mweusi wa Pemba, wa mashamba ya karafuu, na akivaa kanzu nyeupe ya Ijumaa unaiona kanzu kwanza, halafu meno, halafu ndiyo unamwona yeye. Maneno hayo si yangu. Ni ya Ami, rafiki yake, aliyekuwa akimtania hivyo tangu siku walipokuwa wakikaa chumba kimoja hapa London na kupokezana kitanda, maana mmoja akifanya kazi usiku na mwengine mchana. Baba akicheka. Na mimi nilipokuwa mdogo nikicheka.

Ami si ami yangu wa damu. Ni mweupe, mwenye nywele za singa, babu yake alitoka Arabuni akaoa Unguja na hakurudi tena. Wote wawili walikimbia baada ya Mapinduzi, wakiwa vijana. Ami alikimbia kwa sababu ya rangi yake, baba alikimbia kwa sababu ya ulimi wake uliowasema wakubwa, na walipokutana huku kwenye baridi hapakuwa na aliyejali nani ni nani. Kwa Waingereza wote wawili walikuwa watu weusi. Baba baadaye aliajiriwa kuendesha basi, Ami akapata kazi ya ukarani, wakaoa, wakazaa, baba akahamia Woolwich na Ami Tooting. Ijumaa wakisali pamoja, mji wa watu wakaufanya mji wao.

Mimi sina subira ya baba. Marehemu mama alikuwa akisema hasira zangu ziko mlangoni, mgeni hana haja ya kubisha hodi. Nimezeeka kidogo, nina binti aliyemaliza chuo kikuu, nafanya kazi ya nyumba za kupangisha katika ofisi ya manispaa ambako natukanwa kila siku na nanyamaza. Lakini hasira zile bado ziko mlangoni.

Kwa hiyo mtoto wa Ami alipokuja nyumbani kwa baba Jumapili moja mchana, nami nipo jikoni nakata mkate wa kumimina, nilimwamkia kwa adabu na nikabaki huko huko jikoni. Ni mtu mzima sasa, mhasibu, anakaa Rayners Lane na mkewe na watoto, mvi zimemjaa. Alikuja na habari. Kulikuwa na mtu anayetaka kugombea urais wa visiwani. Bado hajateuliwa, kwanza ilikuwa lazima apite kwenye kura za maoni za chama chake, ashindane na wenzake wa chama hicho hicho, na mtoto wa Ami ndiye aliyekuwa akimfanyia kampeni huku kwetu. Huyo mgombea alikuwa anapita London, na watu wa visiwani wangekodi ukumbi wamkaribishe.

"Lakini siye huku hatuna kura," baba akasema.

"Hatuna kura, Mzee, lakini tuna simu. Kila mjumbe wa chama kule ana ndugu yake huku. Wazee wa London wakisema neno, kule linasikilizwa. Siye tunataka dua yako tu. Hakuna speech, hakuna kupiga siasa. Ukae mbele, karibu yake, umuombee dua. Tutairekodi, clip fupi, tuwatumie wajumbe."

"Baba yako anajua dua kunishinda mimi."

Halafu nikamsikia akishusha kikombe.

"Mzee, unajua wanavyomsema kule. Wanasema ni mgombea wa Waarabu, wanasema anataka kumrudisha Sultani. Babu yake Mwarabu, na yeye mwenyewe ukimtazama... Sasa baba akikaa pale mbele, mweupe vile, it just proves their point. Lakini wakikuona wewe, watu wa kwetu watafahamu."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, nikakiweka chini. Maneno yale niliyajua. Nilikuwa nayajua yakiwa yamegeuzwa, na yalikuwa yamesemwa katika chumba kile kile.

Nilipokuwa na umri wa binti yangu, mtoto wa Ami alinitaka, na mimi nilimtaka. Hapakuwa na jambo la kuficha. Tulikua pamoja, tulisoma Kurani pamoja kila Jumamosi, na alipopata kazi yake ya kwanza aliniambia atamwomba baba yake alete posa. Mama alinunua vikombe vipya. Kwetu posa haimshukii mtu ghafla, watu hupeleleza kwanza, na tulikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba baina ya nyumba zile mbili hakuna cha kupeleleza.

Ami alikuja peke yake. Mama alipomwona dirishani anashuka basi bila mkewe, bila mzee mwengine yeyote, alizima jiko. Mtu anayekuja kuposa haji peke yake. Alikaa na baba, akanywa kahawa, akaisifu, akaomba kikombe cha pili, halafu akasema, "Yakhe, mtoto wako ni mtoto wangu. Mimi sina neno. Lakini watu wa kwetu hawatafahamu." Akataja kufu. Kufu ni ule ulinganifu wa mke na mume ambao wazee wetu huuangalia kabla ya ndoa, nasaba kwa nasaba, na kwetu nasaba maana yake rangi. Mama, aliyesoma chuo kwa masheikh wa kweli, alininong'oneza pale jikoni kwamba Ami kaipindua hata sheria yenyewe, kwamba kufu huangaliwa kwa mume ili mwanamke asidhalilike, haikuwekwa ili mwanamke akataliwe. Machozi yalikuwa yanamtoka huku ananifundisha fiqhi.

Baba alisema, "Haya, yakhe." Akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Ijumaa iliyofuata walisali pamoja kama kawaida.

Hilo ndilo lililoniuma. Kukataliwa kuliniuma, nisiseme uongo, nililia nikakonda. Lakini kijana aliyekubali kuambiwa na baba yake aniache, kwa kumkosa huyo sikupoteza kitu kikubwa, na baadaye niliolewa na mwengine, tukaachana kwa sababu nyengine kabisa, nikabaki na binti yangu na sina majuto. Ila baba. Miaka yote ile nilikuwa nikimtazama anavaa kofia yake Ijumaa, anapanda treni kwenda kukutana na mtu aliyemwambia usoni mwake kwamba binti yake ni mweusi mno, na nikijiuliza hivi huyu mtu damu yake ina nini.

Mtoto wa Ami alipoondoka, binti yangu, ambaye alikuwepo sebuleni muda wote na simu yake na tukidhani hasikilizi, akainua kichwa. Kiswahili anakifahamu chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"So they want Babu because he's black," akasema. "The same black?"

Nikamwambia nyamaza. Hakuwa amekosea, kisa cha posa ile alikuwa anakijua.

Nikaingia sebuleni, nikakaa mbele ya baba. Alikuwa anaokota makombo ya mkate kwa kidole, kama anavyofanya siku zote.

"Baba, hawa hawataki dua yako. Wanataka rangi yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwanangu, mie nimekuwa mweusi siku nyingi. Mtu akija kunitazama ngozi namjua." Akala kombo moja. "Lakini huyo mgombea nimemsikiliza. Anataka hospitali za Pemba ziwe na dawa. Anayoyasema mengi ni ya haki. Na hilo la kumwita Mwarabu ili anyimwe, hilo ndilo walilomfanyia Ami yako kule. Alipigwa, unajua? Alipigwa njiani na watu aliosoma nao. Sasa mie nikikataa leo kwa ajili ya rangi, n'takuwa nimewaunga mkono nani?"

"Na mimi je?"

"Wewe nakuombea dua kila siku."

"Mimi sikutaka dua, baba," nikasema, na sauti ilinipanda, binti yangu akatutazama. "Nilitaka ukasirike. Siku moja tu. Nilitaka umkasirikie mtu kwa ajili yangu."

Aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nikachukua vikombe nikaenda kuviosha, na nilivigonganisha makusudi ili anisikie.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, nyuma ya kanisa moja hapo Woolwich, si mbali na soko. Ulikuwa na madirisha makubwa upande wa mbele, na siku ile, kwa bahati ya nadra, jua lilikuwa limetoka. Wanaume walikaa katikati, sisi wanawake pembeni karibu na meza ya chai, kanga na baibui na makoti ya baridi, watoto wanakimbia nje ya mlango. Nilikuja kwa sababu ya baba. Niliapa mbele ya binti yangu kwamba nitakaa, nitamsindikiza babu yake nyumbani, na sitaitikia amin hata moja.

Mgombea alikuwa mtu mrefu, mweupe, amechoka na safari. Sitaki kumsema vibaya. Alikuja upande wetu wanawake kwanza, akatuamkia mmoja mmoja, akauliza watu wa wapi na wa nani, akamkumbuka bibi wa mtu fulani. Alipozungumza hakupiga kelele. Alisema juu ya zahanati aliyoikuta mlango wake umefungwa kwa kamba, na akina mama wamekaa nje chini ya jua. Nilitamani awe muongo ili hasira yangu ipate pa kukaa, na hakuwa.

Baada ya hotuba, mtoto wa Ami akaanza kupanga viti kwa ajili ya dua. Alikuwa ameiweka simu yake juu ya miguu mitatu, inatazama mbele. Akamleta baba akamkalisha kulia kwa mgombea. Ami alikuwa keshakaa mstari wa mbele tangu mapema, na fimbo yake baina ya magoti, maana magoti yale hayamsaidii tena, na akishakaa huwa ndiyo amekaa. Mtoto wake akamwinamia.

"Baba, njoo huku nyuma kidogo."

"Nimeshakaa hapa."

"Najua, lakini kwenye video. Si umefahamu? Kaa kule, usionekane."

Alisema kwa sauti ya chini, ila sisi tuliokuwa upande ule tulisikia. Ami alimtazama mwanawe. Halafu akashika fimbo, akainuka kwa taabu, akashikwa mkono na mtu, akapelekwa mstari wa tatu nyuma ya watu warefu. Kiti chake akapewa mzee mwengine, mweusi kuliko baba.

Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini niliuona mgongo wa Ami ukienda nyuma na moyo uliniuma, na nikakasirika na moyo wangu kwa kuuma. Baba naye alikuwa amegeuka kitini, anamtazama rafiki yake mpaka alipokaa.

Halafu akainua mikono.

Baba huanza dua taratibu. Akamsifu Mola, akamsalia Mtume, tukanyamaza. Baadaye akaingia Kiswahili, Kiswahili cha kwao Pemba, cha polepole.

"Ya Rabbi, waponye wagonjwa wetu."

"Amin."

"Waliotangulia warehemu, wale tuliowazika kwetu na tuliowazika huku kwenye udongo wa baridi."

"Amin."

"Huyu mwenzetu aliyekuja, ukiona kheri yake na kheri ya watu iko katika jambo hili, mpe. Ukiona haimo, mwepushe nalo na umpe lililo bora."

"Amin," wakasema, na mtoto wa Ami alikunja uso kidogo, maana haikuwa ile aliyoitaka, haikuwa na nguvu. Lakini ilikuwa inatosha. Watu walianza kulegeza mikono wapanguse nyuso. Baba hakuwa amemaliza.

"Ya Rabbi, tuliondoka kwetu hatuna kitu. Viatu wengine hatukuwa navyo. Lakini kiburi cha rangi na nasaba tulikibeba. Tukavuka nacho, tukakipandisha ndege, tukakifungulia hapa London, tukawarithisha watoto wetu. Kwa kiburi hicho tulipigana kwetu. Kwa kiburi hicho tuliwakataa mabinti wa rafiki zetu waliokula sahani moja na watoto wetu. Na leo, kwa kiburi hicho hicho, mzee anaondolewa kwenye kiti chake. Tuondolee, ya Rabbi, tusije tukafa nacho."

Mtu akisikia dua huitikia bila kufikiri, ulimi wenyewe unajua pa kuingilia. Mara hii ndimi zilikwama. Ukumbi mzima ulikuwa umeinua mikono na hakuna aliyesema kitu. Sauti ya kwanza ilitoka mstari wa tatu, sauti ya mkwaruzo ninayoijua tangu utoto wangu, iliyokuwa ikinisahihisha Kurani sebuleni kwao Tooting.

"Amin," Ami akasema.

Ndipo na wengine wakafuata, mmoja mmoja, na wanawake. Baba akapangusa uso wake kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amekasirika. Baba yangu alikuwa amekasirika mbele ya watu wote, na hakupandisha sauti hata kidogo, na kama hukumjua ungedhani anaomba mvua.

Mtoto wa Ami alikwenda kwenye simu yake akaitazama. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Akamwita mgombea, wakaitazama pamoja. Mimi nilikuwa nimeshafika pale na koti la baba mkononi, nikaiona.

Madirisha yalikuwa nyuma yao. Simu ilikuwa imeupima mwanga kwa uso wa mgombea, na yeye alikuwa ametoka vizuri, kila unywele. Pembeni yake palikuwa na kanzu nyeupe na kofia nyeupe, na katikati ya kanzu na kofia hapakuwa na mtu. Giza tu. Uso wa baba haukutoka.

"Mzee," mtoto wa Ami akasema, anacheka kwa wasiwasi, "samahani sana. Ni lighting. Uso wako hauonekani kabisa. Tuhamie upande ule, utazame dirishani, utuombee tena kidogo. Fupi tu. Na ile sehemu ya mwisho tuiruke, ya rangi na nasaba. Ni maneno mazuri, lakini kule watayatafsiri vibaya."

Baba alikuwa anaingiza mkono kwenye koti nililomshikia.

"Nishapangusa uso, mwanangu," akasema.

"Mzee, ni dakika moja."

"Nimeomba, na niliyemuomba kasikia. Yeye haoni kwa taa. Wewe ulitaka asikie nani mwengine?"

Mtoto wa Ami alimgeukia mgombea, kama anayemwambia msaidie. Yule bwana alifungua mdomo. Nilimwona anataka kusema kitu, na nadhani kilikuwa kitu kizuri, ila hakukisema. Alikuwa akiitaka ile clip. Akaangalia chini.

"Zima simu."

Ilikuwa sauti ya Ami. Alikuwa amesimama mstari wa tatu, ameegemea fimbo.

"Baba, subiri, tunaongea na Mzee..."

"Nimekwambia zima simu. Sote tumeshaitikia amin. Ile uitakayo kuiruka ndiyo niliyoiitikia mie."

Aliizima. Watu wakaanza kuhangaika na viti na vikombe kama watu wafanyavyo wakiona aibu ya mwenzao. Mimi nilirudi kwenye meza ya chai kwa sababu sikujua pengine pa kwenda, na nilipoinua uso Ami alikuwa anakuja upande wetu wa wanawake, hatua ndogo ndogo, mtoto wake kamfuata na yeye akamfukuza kwa mkono. Alifika akasimama mbele yangu. Nilivuta kiti, hakukaa.

"Mwanangu, siku ile nilimwambia baba yako watu wa kwetu hawatafahamu."

"Nakumbuka, Ami."

"Hapakuwa na watu wa kwetu. Sikumuuliza mtu. Mama yao alikutaka, alishanunua kanga za kukuletea. Ilikuwa mie."

Nimekaa miaka mingi nikiwachukia watu wa kwetu, kisiwa kizima, bibi zake na shangazi zake nisiowajua, nikiwapa sura na sauti, nikiwajibu peke yangu nikiosha vyombo. Sikurudi kwetu wenzangu waliporudi kutembea, nikisema siwezi kuwatazama watu wale. Na kumbe walikuwa mtu mmoja na vikombe viwili vya kahawa. Nilitaka kumpigia kelele mzee yule mpaka kanisa litikisike. Nilitaka pia kumkalisha, kwa sababu magoti yalikuwa yanamshinda. Nilimkalisha. Nikamtilia chai, nikasahau sukari, akainywa hivyo hivyo. Sikumwambia nimekusamehe, na yeye hakuuliza.

Kura za maoni zilipopigwa kule, yule bwana alishindwa. Clip haikutumwa. Mtoto wa Ami aliwaambia watu kwamba wazee wa London ndio waliomwangusha, na huenda anaamini. Aliyeshinda alishinda kwa maneno yale yale ya Sultani na Waarabu, na zahanati ile nasikia bado imefungwa kwa kamba. Hilo linanihuzunisha, na sijui la kulifanya. Baba alipopata habari aliguna, akauliza kama Ami ameshasikia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile tulirudi mimi na baba kwa basi, lile linalopanda mlima. Alimsalimia dereva kama anavyowasalimia madereva wote, akakaa kiti cha mbele, nami pembeni yake. Soko lilikuwa linafungwa, watu wanakunja maturubai yao. Akaniuliza Ami kaniambia nini.

"Kasema hapakuwa na watu wa kwetu. Kasema ilikuwa yeye."

"Nilijua."

Nikageuka nikamtazama. "Tangu lini?"

"Siku ile ile. Mtu aliyetumwa haombi kahawa ya pili."

"Na hukuniambia, baba? Miaka yote hii?"

"Ungemchukia."

"Ningekuwa na haki."

"Ungekuwa na haki. Lakini hapa nilikuwa na yeye tu. Watu wa kwetu walikuwa mbali, nikaona bora uwachukie wao, chuki yako haiwafikii." Alikuwa anatazama mbele, njiani, kama aliyeshika usukani. "Nilimhifadhi yeye kwa kukutoa mhanga wewe. Nilijua ninalolifanya."

Basi lilisimama, watu wakashuka, wakapanda. Nilitaka aongeze kitu na niliogopa atakachoongeza.

"Leo nimewakasirikia watu kwa ajili yako," akasema. "Nimechelewa."

Nikabonyeza kengele, maana tulikuwa tumekaribia kituo chetu. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, jua la jioni limempiga lote, kila mkunjo unaonekana, na machozi yalikuwa yanamtoka bila ya yeye kuyafuta. Nikamshika mkono ili tushuke.